Kijana Mwenye Kisukari na Nia ya Ndoa



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za vijana wetu wenye ugonjwa wa kisukari, ambao bado hawajaoa wala kuolewa. Tunao huku Shinyanga na kule machimboni Geita. Si wavivu, wala imani yao si haba; walakini ndoa ikitajwa huinamisha vichwa. Binti mmoja alitujia, zimebaki wiki chache tu ng'ombe wa mahari wafike kwao, akasema, "Mwalimu, mchumba wangu hajui kwamba najidunga sindano kila siku. Nikimwambia ataniacha, nisipomwambia nitakuwa nimemdanganya." Maneno hayo yalituchoma moyo.

Kwanza tuondoe uongo. Kisukari si uchawi wala laana ya ukoo, wala hakiambukizi kwa kula pamoja au kulala kitanda kimoja. Tumboni mna kongosho, nayo hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari ya chakula kutoka katika damu na kuingia mwilini iwe nguvu. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho huacha kuitoa. Hao hawana budi kudungwa siku zote. Kwa wengine insulini ipo, ila haitoshi au haifanyi kazi vema. Hao hutibiwa kwa vidonge, chakula cha kiasi na kazi za mwili, na baadhi yao kwa sindano pia.

Zamani mgonjwa wa aina ile ya kwanza hakuishi siku nyingi. Mwaka 1921 Banting na Best walifanya kazi ya kuitafuta insulini mjini Toronto, nchi ya Kanada. Januari 1922 alidungwa mvulana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Naye akaishi miaka 13 zaidi. Tangu hapo wenye kisukari wengi wameoa na kuolewa, wakazaa, wakaona na wajukuu.

Je, watoto watarithi? Mzazi mmoja akiwa na kisukari kile cha sindano, katika watoto 100 zaidi ya 90 hawakipati. Aina ile ya pili hufuata ukoo zaidi, lakini kazi na kiasi katika kula husaidia kuizuia. Mwanamke na amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa sukari ikizidi katika wiki za kwanza yaweza kumdhuru mtoto. Mwanamume naye, akiona nguvu za ndoa zimepungua, asione haya kumwambia daktari, dawa ipo.

Basi mchumba aambiwe lini? Si lazima siku ya kwanza, bali kabla wazee hawajaketi kusema mahari, na kabla ya matangazo ya ndoa kanisani. Tena asiambiwe tu, afundishwe. Ajue kwamba mwenzake akitetemeka, akatoka jasho na kusema ovyo, sukari imeshuka; ampe maji yenye sukari upesi, maadamu aweza kumeza. Mchimbaji asishuke duarani bila kula, wala bila mwenzake kujua hali yake. Pasipo barafu, insulini hutunzwa katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati pametiwa mchanga wenye maji. Wala nyumba haihitaji vyungu viwili vya kupikia: ugali na michembe vyapimwa, mboga zaongezwa, na wote wala pamoja.

Yule binti alimweleza mchumba wake, shangazi yake akiwapo. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sindano huuma?" Wakaenda kliniki pamoja, na baadaye tukawaona madhabahuni. Hatusemi kila mtu hupata hivyo. Mwingine aliachwa, nasi tulikaa naye katika machozi yake. Lakini heri kuachwa kabla ya ndoa kuliko kuachwa kitandani siku ya ugonjwa.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto wenu kama aibu, wala msipunguze ng'ombe kana kwamba binti ni bidhaa yenye kasoro. Mtume Paulo alikuwa na udhaifu wa mwili, naye hakuacha kazi yake. Mwenye kisukari aijuaye hali yake na kuitunza, huyo amekwisha kujifunza uaminifu wa kila siku. Na ndoa yataka nini zaidi ya huo?