Picha Elfu Kumi na Nyuso Zisizo na Majina

IMG-20190804-WA0012. Chini ya jina kama hilo, katika simu ya mtu yeyote, huenda amejificha bibi harusi akiingia ukumbini. Kushoto kwake kuna picha ya tokeni za umeme, kulia salamu za Ijumaa. Jina linaeleza mambo mawili tu: picha iliingia simuni tarehe 4 Agosti 2019, na ililetwa na WhatsApp. Hata tarehe hiyo ni ya kupokelewa. Harusi yenyewe inaweza kuwa ilifanyika jana yake, au mwaka uliotangulia.

Zama za filamu, mkanda mara nyingi ulikuwa na picha 36, na kila moja iligharimu kusafishwa. Zikirudi kutoka studio, mtu alichukua kalamu akaandika kwa nyuma: nani, wapi, lini. Kalamu hiyo haijatoweka. Imehamia ndani ya faili, nayo huitwa metadata.

Sehemu moja ya metadata huandikwa na kamera yenyewe, kwa utaratibu wa EXIF uliotungwa Japani mwaka 1995: saa na tarehe ya kupiga, aina ya kamera, na kwenye simu nyingi hata mahali. Sehemu nyingine humsubiri binadamu. Hiyo ni IPTC, iliyoanzia kwa mashirika ya habari, yenye nafasi za maelezo ya picha, jina la mpiga picha na maneno ya kutafutia. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na sehemu kubwa ya maelezo hayo hufutwa. Ndiyo maana wapiga picha huituma kwa mteja kama waraka, si kama picha.

Hapo ndipo programu za kuhariri picha zinapoingia. Wengi huzijua kwa kung'arisha sura na kukata kingo, lakini Lightroom ya Adobe (leo Lightroom Classic), iliyotoka mwaka 2007, na digiKam, inayopatikana bure, ni maktaba kwanza. Lightroom haizimezi picha; hutunza katalogi, mfano wa kadi za maktaba zinazoonyesha kitabu kiko rafu gani. Mtu akizihamisha picha kwa mkono, nje ya programu, katalogi huzikosa na kuonyesha alama ya mshangao au ya kuuliza. Wengi hupata fadhaa, wakidhani zimepotea, kumbe kadi tu ndiyo imepitwa na wakati: programu ikionyeshwa folda mpya, mambo hutengemaa. Faida ya mpangilio huu ni kwamba hata uhariri huandikwa kama maagizo pembeni, na picha ya asili haiguswi.

Folda zenyewe hazihitaji ufundi. Mwaka utangulie, kisha mwezi, siku na tukio: 2019-08-03-harusi-Tanga. Kwa namna hiyo kompyuta huzipanga kwa mfuatano wa miaka bila kuambiwa. Kamera ambayo saa yake haikuwekwa sawa pia ina dawa, kwani programu hizi zinaweza kurekebisha saa ya picha mia tatu kwa mkupuo mmoja.

Kazi nzito ni maneno ya kutafutia, na hapa uvumilivu unalipa kuliko mashine ghali. Leo mtu akiandika “harusi”, kesho “arusi”, keshokutwa “ndoa”, amejijengea maktaba tatu zisizojuana. Kanuni iwe moja tangu siku ya kwanza. Nyota za kupimia ubora nazo husaidia: kati ya picha arobaini za keki, tatu zipewe nyota tano na zilizotoka na ukungu zifutwe bila huruma.

Jambo moja linapuuzwa mno. Katika Lightroom, usipobadilisha mipangilio, maelezo hukaa ndani ya katalogi pekee mpaka yahifadhiwe kwenye faili, mathalani kwa kubonyeza Ctrl na S. Umuhimu wake huonekana programu inapoachwa: mwaka 2016 Google iliacha kuiendeleza Picasa, programu iliyopendwa na familia nyingi. Maelezo yaliyokuwa ndani ya picha zenyewe yaliweza kusomwa na programu nyingine.

Huduma za mtandaoni nazo hubadilika: tangu 1 Juni 2021 Google Photos haitoi tena hifadhi ya bure isiyo na kikomo, ila GB 15 zinazotumiwa kwa pamoja na barua pepe. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski inayokaa kwa shangazi yatosha kuwa nakala hiyo ya nje.

Yanabaki majina ya nyuso: digiKam hutambua nyuso na kuuliza huyu ni nani. Mashine inaweza kugundua kwamba kijana wa picha ya mwaka 1974, iliyopitishwa kwenye skana, anajirudia katika picha nyingine sita. Jina lake analijua bibi, aliyeketi barazani na miwani yake. Na kompyuta ya mkononi inabebeka hadi hapo.