Kila Wimbo na Wenyewe

Watu wawili wakikaa katika majlisi moja, wakasikiliza wimbo mmoja, huweza mmoja wao akatikisa kichwa kwa kuliwazika na wa pili akainamisha uso kwa majonzi, na wala hapana kati yao aliyekosea kuusikiliza. Jambo hili ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku aghalabu halitazamwi. Hudhaniwa kuwa mapenzi ya nyimbo ni mambo ya ladha tu, yasiyo na asili wala sababu. Lakini mwenye kuchunguza ataona kuwa wimbo ampendezao mtu kuliko nyimbo nyingine zote ni nadra kuwa ndio uliotungwa kwa ustadi mkubwa zaidi, au ulioimbwa kwa sauti nzuri kupita zote. Aghalabu ni ule uliomkuta katika saa fulani ya umri wake, ukamsemea neno ambalo yeye mwenyewe hakuwa na ulimi wa kulisema. Mfano wa jambo hili tutautwaa kwanza katika taarabu ya pwani yetu, maana ni adimu sanaa iliyompa msikilizaji ruhusa kubwa kama hiyo ya kuutwaa wimbo mbele ya kadamnasi na kuufanya wake.

Taarabu iliingia Unguja katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, na riwaya iliyoenea husema kuwa ndiye aliyempeleka Misri Muhammed Ibrahim akajifunze kupiga ala ya kanuni, kisha arudi awafundishe wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Muziki wa siku hizo ulikuwa muziki wa kasri na wa watu wenye daraja, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Mpita njia aliyesimama dirishani aliweza kuionea raha sauti ya udi na fidla, ila hakuweza kuyaona mambo yake mwenyewe ndani ya wimbo, kwa kuwa hayakuwamo.

Aliyeugeuza mkondo huo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliyekulia katika nyumba ya wafinyanzi na kuchuuza vyungu kwa kuvichukua kichwani. Alihamia mjini mwaka 1911, akafuatana na mafundi wa ala, na akaimba kwa Kiswahili maneno ambayo watu wa mitaa ya Ng'ambo waliyafahamu bila ya mkalimani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay wakaenda kutia sauti zao katika santuri, na santuri hizo ziliporudi pwani, hata asiyekuwa na gramafoni alikwenda kuzisikiliza katika migahawa ya kahawa. Shaaban Robert, aliyepata kuonana naye kabla hajafariki mwaka 1950, alimwandikia wasifu wake, akamweka miongoni mwa watu wanaostahili kukumbukwa kwa kalamu.

Miongoni mwa nyimbo zake zilizodumu ni ule wa Kijiti, unaosimulia habari ya mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam akauawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ya mahakama ikawashukia mashahidi. Waliousikia wimbo huo walizijua njia zilizotajwa, waliijua mahakama, na wengi wao walikwisha kuonja hukumu za namna hiyo katika mambo yao wenyewe. Kwa hiyo kila mmoja aliusikia kama kesi yake. Hapo ndipo ilipodhihiri siri ya kwanza ya wimbo upendwao, ambayo ni kwamba mtu humpenda anayemsemea.

Siri ya pili imo katika ufundi wa utungo. Wimbo wa taarabu wa jadi una beti za mishororo mitatu mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita, wenye vina vya kati na vya mwisho, na katika nafasi hiyo finyu mtunzi hutakiwa kusema jambo lake lote bila ya kulitaja. Atasema ua, atasema ndege, atasema chombo kilichopotewa na pwani, wala hatamtaja mtu. Hii ni kwa sababu adabu ya pwani ni sitara, na aibu ya mtu haitolewi nje ikiwa uchi. Fumbo hilo humstiri mtunzi na anayetungiwa, na juu ya hayo huacha mlango wazi kwa kila atakayeusikia wimbo. Laiti mtunzi angetaja jina na mtaa, wimbo ungekuwa wa mtu mmoja. Maadamu amesema ua, kila mwenye ua lake huingia. Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, alitunga mashairi mengi yaliyoimbwa na jamaa yake Juma Bhalo kwa mahadhi ambayo mara nyingi yalitoka katika filamu za Kihindi, na yamepita mikononi mwa watu ambao hawakumjua mtunzi wala hawakupata kulisikia jambo lililomtungisha.

Mwenye kutaka kuliona hili kwa macho na ahudhurie taarabu ya arusi. Kwanza hupigwa bashrafu, ala tupu bila ya sauti ya mtu, na katika muda huo wanawake huamkiana, hupepea, hutengeneza mitandio, na kila mmoja huangalia nani amekuja na nani ameketi na nani. Kisha mwimbaji huanza. Beti ya kwanza hupita, na ya pili, na pengine hapana anyanyukaye. Mara inapofika beti fulani, mama aliyekuwa ametulia nyuma kabisa husimama, noti ikiwa imebanwa baina ya vidole viwili na mkono umeinuliwa juu ili ionekane, akaja mbele taratibu kwa mwendo wa kufuata ngoma ya dumbak, bila ya haraka hata kidogo. Njia fupi ya kumfikia mwimbaji anaiona, lakini haifuati. Huzunguka akapita mbele ya kiti cha mtu amjuaye yeye, akageuza shingo kidogo tu, kisha akaitia noti katika kiganja cha mwimbaji na kurejea mahali pake. Noti yenyewe huenda ikawa ndogo. Kilichotazamwa na watu wote ni mshororo aliosimamia, maana angalisimama mshororo mmoja kabla au mmoja baadaye, ujumbe ungalikuwa mwingine.

Huko ndiko kutunza. Mgeni hudhani kuwa ni kumlipa mwimbaji, na kweli mwimbaji hupata riziki yake hapo, lakini mwenye kutunza amefanya jambo kubwa zaidi ya kulipa; ametangaza mbele ya mashahidi kwamba maneno haya, tangu sasa hata wimbo umalizike, ni maneno yake. Tena si ajabu wanawake wawili wakasimama katika beti moja, huyu akimtunzia mumewe kwa mapenzi na huyu akimpelekea jirani yake kijembe, na wimbo ukawatosha wote wawili. Mtunzi huenda wakati huo yuko kwake amelala, wala hajui kwamba fumbo lake limefumbuliwa kwa namna mbili katika usiku mmoja.

Wala jambo hili si la taarabu pekee. Wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William wa Kenya aliutia katika santuri mapema katika miaka ya 1960, na ambao baadaye uliimbwa na Miriam Makeba mpaka ukajulikana duniani, ni maombolezo ya kijana aliyekosa mali ya kumwoa ampendaye. Na ajabu ni kwamba maombolezo hayo hayo huimbwa katika karamu za arusi, mbele ya bwana arusi aliyekwisha kutoa mahari, na watu wakafurahi pasi na kuona kuwa pana mgongano. Walio arusini wameuacha umaskini wa yule kijana, wakachukua mapenzi yake. Kuhusu nani aliyeutunga kumekuwa na ikhtilafu ya miaka mingi, na wanaodai utunzi wake ni zaidi ya mmoja. Wakati wenye kudai wakivutana, wasikilizaji walikwisha kuugawana.

Redio ilipokuja, kutunza kulipata umbo jingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na katika miongo iliyofuata vipindi vya salamu vikawa na mashabiki katika nchi zote za Afrika Mashariki. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika kwa hati nzuri jina lake na sanduku lake la posta, akafuatisha orodha ndefu ya wazazi, ndugu, mashemeji na marafiki, kisha mwisho akaomba wimbo. Kijana asiyethubutu kumwandikia binti barua, kwa kuchelea isije ikaangukia mikononi mwa baba, aliweza kulipenyeza jina lake katikati ya majina kumi na mawili ya watu wa heshima na kuuacha wimbo umalizie yaliyobaki. Mtangazaji aliyasoma majina yote kwa sauti moja. Binti alijua wimbo ule ulikuwa wa nani.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza suala hili, na wamekuta kwamba nyimbo zinazomkaa mtu zaidi kwa jumla ni zile alizozisikia tangu kubaleghe kwake hata miaka ishirini na kitu, yaani umri ambao mtu hupenda kwa mara ya kwanza, huondoka kwao kwa mara ya kwanza, na hujiuliza kwa mara ya kwanza yeye ni nani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, walionyesha kuwa msikilizaji anapofika katika sehemu ya muziki inayomsisimua, ubongo wake hutoa dopamini, ambayo hutolewa pia mtu anapopata chakula au jambo jingine la raha. Walionyesha pia kwamba kazi hiyo huanza hata kabla ya sehemu yenyewe kufika, wakati msikilizaji angali akiingoja. Waliozoea taarabu hawatastaajabu. Bashrafu ndefu, na kiitikio kinachorudiwa na kurudiwa kabla ya beti inayotakiwa, ni ufundi wa kumngojesha mtu, na kungoja huko ni nusu ya raha. Imeonekana pia kwamba wazee waliopatwa na maradhi ya kusahau, hata wakafikia kutotambua watoto wao, mara nyingi huweza kuufuatisha wimbo wa ujana wao.

Nilikuwa na shangazi, mkaazi wa Tanga, aliyekuwa akisuka ukili kila alasiri barazani huku redio ikiwa kando yake. Nyimbo zilipita nyingi naye hakuzijali, vidole vikienda bila ya kutazamwa. Lakini ulipopigwa wimbo wa mwimbaji Shakila uitwao Macho Yanacheka, ilikuwa ikifika beti moja vidole vile husimama, ukili ukalala mapajani, na kiitikio kilipoingia ndipo huendelea tena pale pale alipoachia. Sisi watoto tulilijua hilo, na tulikuwa tukitazamana. Baada ya miaka mingi niliambiwa na mama kuwa mumewe shangazi alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, asirudi wala asilete barua, na shangazi hakupata kusikika akimlaumu wala akimlilia. Kumbe alikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo, na mahali penyewe palikuwa mshororo mmoja wa wimbo ulioimbwa na mwanamke asiyemjua. Wengine waliusikiliza wimbo ule kwa sauti ya Shakila, ambayo ilikuwa tamu isiyo kifani. Yeye naamini aliusikiliza kwa sababu ulimpa dakika chache za kuomboleza ambazo hakuna mtu aliyeweza kumuuliza.

Pengine atatokea wa kusema kuwa, ikiwa ni hivyo, basi wimbo mbovu na wimbo mzuri ni sawa, maadamu kila mmoja unaweza kupata wa kuupenda. Sivyo. Wimbo usio na ufundi huweza kupendwa na watu wa msimu mmoja, kwa kuwa uliwakuta katika furaha au katika msiba, na watu hao wakiondoka nao huondoka. Wimbo uliotungwa kwa fumbo lililokazwa, ukatiwa mahadhi yanayolingana na maneno, huendelea kufungua milango kwa watu ambao hawajazaliwa. Mtunzi na mwimbaji huufanya udumu, na wasikilizaji huufanya uwe na thamani. Kila upande una haki yake, na kila upande bila ya mwenziwe ni pungufu.

Katika nyumba nyingi za pwani na za bara mngali mna masanduku ya santuri na kaseti yaliyowekwa juu ya kabati au chini ya kitanda, na joto na unyevu wa nchi zetu huziharibu kanda hizo upesi. Sauti nyingi zilizomo huenda zikapatikana kwingineko, kwa kuwa santuri zilichapwa kwa wingi na redio zina hazina zao. Lakini kwamba wimbo huu ulikuwa wa bibi fulani, na kwamba aliupenda kwa sababu fulani, hilo halikuandikwa mahali popote. Msomaji aliye na mzee nyumbani na amwulize wimbo wake ni upi na ulimkuta wapi, kisha alinakili jibu lake kwa kalamu, pamoja na jina la mwimbaji na la mtunzi, aliambatishe na kaseti yenyewe. Kazi hiyo haigharimu fedha, na wakati wa kuifanya ni mzee angali hai.