Muratina, Pombe ya Vuli Subukia

Muratina ni pombe ya asili ya Wakikuyu, iliyopewa jina la tunda la mwegea linaloichachusha. Tunda hilo refu na zito halifai kuliwa bichi. Hupasuliwa, likachemshwa, likatolewa mbegu na kuanikwa juani; hamira hujificha ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo kipande kimoja hutumika mara nyingi. Kipande hicho ndicho hazina ya mpika pombe, kubwa kuliko hata asali. Vipande hutumbukizwa katika maji ya asali au ya miwa, chombo kikawekwa karibu na meko, kwa sababu baridi ya nyanda za juu kama Subukia, kaskazini mwa mji wa Nakuru, huchelewesha povu.

Hii ni pombe ya vuli, na vuli ya huku ni mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, mahindi yakivunwa na shughuli za ruracio, yaani sherehe za mahari, zikikaribia. Katika sherehe hizo wazee ndio hutangulia kunywa, kwa pembe ya ng'ombe.

Kuuza ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, hudai leseni, na siku za kazi baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni.