Tumbusi na Bawa la Ndege

Tarehe 10 Januari 1959, ndege aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia kama punda milia, ilianguka. Rubani wake, Michael Grzimek, mwenye umri wa miaka 24, alifariki. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti.

Uchunguzi wa mabaki ulionyesha kuwa tumbusi aligonga bawa la kulia, akalibonyeza na kukwamisha nyaya za usukani. Tumbusi mkubwa huweza kufikia kilo 7. Uzito huo una athari. Lakini mwendo ndio hatari zaidi, kwani kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara nne.

Michael alizikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa kando yake.