Mlezi Asiye Mzazi

Kila wanapokutana watu wazima visiwani mwetu, iwe barazani au ofisini kwa Sheha, hayakosi malalamiko kwamba vijana wameharibika kwa kuwa siku hizi mzee wa mtaa hathubutu kumchapa mtoto wa jirani. Malalamiko hayo yameshika dogo na kuliacha kubwa. Mzee yule alikuwa na fimbo, ni kweli. Lakini pia alimjua mtoto kwa jina, alijua amefika juzuu ya ngapi chuoni, na alijua siku ambayo kwao hapakupikwa.

Visiwani wenzetu wa Kauai, huko Hawaii, nchini Marekani, wametupatia ushahidi. Mtaalamu Emmy Werner na wenziwe waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955 mpaka wakafikia umri wa miaka 40. Kiasi cha theluthi yao walikulia katika dhiki nzito: ufukara, ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Hata hivyo, katika hao wenye dhiki, mmoja kati ya kila watatu alitokea kuwa mtu mwenye kujiweza na mwenye huruma. Miongoni mwa yaliyowasaidia ni kuwa na japo mtu mzima mmoja aliyewajali bila ya kuchoka, na mara nyingi huyo hakuwa mzazi: alikuwa mwalimu, au jirani tu.

Watu wa namna hiyo tunao. Yuko fundi seremala anayempokea kijana aliyeanguka mtihani. Yuko mwalimu wa chuo anayeuliza kwa nini fulani hajaonekana tangu Jumamosi. Yuko nahodha anayempa kijana kamba ya kuvuta na fungu lake la samaki. Hawa hawaombi posho. Watendaji wa Serikali wasiwaundie kamati nyingine (tunazo za kutosha). Sheha awatambue, wazazi wajue mtoto yuko kwa nani, na malezi hayo yafanyike mahali pa wazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na udhalilishaji. Basi atakayekereka kwa kuulizwa, asikabidhiwe mtoto.

Kijana aliyeacha skuli huja karakanani siku ya kwanza kwa haya, na siku ya pili haji. Siku hiyo ya pili ndiyo fundi aweke randa chini, aende kwao akamuulizie.