Kamba wa Maji Baridi wa Ziwa Naivasha

Kamba wa maji baridi ni mnyama afananaye na kamba-koche wa baharini, ila ni mdogo; mkubwa wao hapiti sana urefu wa kiganja. Sisi tukaao karibu na Ziwa Naivasha tumemzoea hata twadhani ni mwenyeji. Sivyo. Katika Afrika, ukiacha kisiwa cha Madagaska, hapakuwa na kamba wa jamii hii. Kwao ni kusini ya Marekani na kaskazini ya Meksiko. Naivasha alitiwa mwaka 1970 ili avuliwe na kuuzwa.

Likizo iliyopita nilimchunguza pamoja na baba yangu mdogo, ambaye ni mvuvi. Atakaye kufanya hivyo na aende mchana, tena na mtu mzima ajuaye ufuo, kwa sababu viboko hutoka majini jioni kuja kula majani. Funga kipande cha nyama katika uzi, ukitumbukize kando ya mawe, ungoje kimya. Kamba hukishika chambo kwa magando yake wala hakiachi upesi. Mvute polepole, umshike mgongoni nyuma ya magando, umtie katika beseni la maji ya ziwa.

Hapo hesabu miguu yake: ni kumi, na miwili ya mbele ndiyo magando. Ukimgusa usoni hupiga mkia akarudi nyuma kwa kasi. Jike huchukua mayai chini ya mkia mpaka yaanguliwe. Pengine utaokota kamba mwepesi, mtupu ndani. Huo si mzoga, bali ni gamba kuukuu. Gamba halikui, hivyo kamba hana budi kulivua kila anapoongezeka. Na mpaka lile jipya liwe gumu, hujificha asiliwe.

Kamba huyu hula karibu kila kitu. Hula konokono, hata wale waenezao kichocho, na hiyo ni faida. Lakini hula mimea pia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, mimea iotayo ndani ya maji ya Naivasha ilikuwa imetoweka karibu yote, na ndege waliokuwa wakiila wakapungua. Kamba walipopungua, mimea ikaanza kurudi.

Wapo wenzangu walioniomba niwaletee kamba wawili watatu tuwafuge katika kidimbwi cha shule. Nilikataa. Jike mmoja hubeba mayai mamia, na usiku wa mvua kamba aweza kutoka majini akatembea nchi kavu. Kutoka kidimbwini hadi mtoni si mbali, na akiisha kuingia mtoni hakuna awezaye kumtoa. Kwa hiyo, ukiisha kumtazama, mrudishe palepale ulipomtoa, wala usimpeleke katika maji mengine. Atakaye kumwona na aje Naivasha wakati wa likizo. Nitampeleka ufuoni mimi mwenyewe pamoja na baba mdogo.