Bushi za gari dogo: mpira mdogo unaoweza kukwamisha mzigo njiani

Si kila mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Namanga, Busia au Rusumo anatumia lori. Wengi hutumia magari madogo kama Toyota Probox, Corolla na Vitz kubeba maharage, nyanya, mchele na bidhaa nyingine za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Hicho ndicho kiwango ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki imekiweka kwa wanaotumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa.

Kwa mtu huyo gari ndilo mtaji. Likiharibika kati ya Arusha na Namanga, nyanya haziwezi kusubiri fundi hadi kesho. Hata hivyo, wenye magari wengi hukagua oili, tairi na breki, na kusahau bushi mpaka zianze kugonga.

Bushi ni nini?

Bushi ni kipande cha mpira kilichobanwa kati ya vyuma viwili vya mviringo, kimoja nje na kingine ndani. Chuma cha ndani hushikwa na bolti. Gari linapopita kwenye shimo, amu ya chini ya tairi hupanda na kushuka, na mpira hujisokota kidogo na kurudi. Kazi yake ni kuruhusu amu icheze juu na chini, kuizuia isiende mbele na nyuma, na kupunguza kelele na mtikisiko usifike kwenye bodi.

Kwenye gari dogo la kawaida linalovutwa na tairi za mbele, kila amu ya chini ina bushi mbili. Ya nyuma ndiyo kubwa, na ndiyo inayoumia zaidi dereva anapokanyaga breki. Pia kuna raba mbili zinazoshika chuma cha stabilaiza. Kwa magari kama Vitz na Corolla ya aina ya NZE121, ekseli ya nyuma ni boriti moja inayoshikwa na bushi kubwa mbili, kushoto na kulia. Mzigo ukizidi, bushi hizo huteseka kimya kimya.

Dalili za bushi kuisha

Dalili ya kwanza ni mlio wa "kok, kok" gari linapopita taratibu kwenye matuta. Mlio mmoja mzito wakati wa kukanyaga breki au kuondoka huashiria bushi ya amu. Dalili nyingine ni usukani kuvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, tairi za mbele kulika upande mmoja, na alaimenti kuharibika muda mfupi baada ya kufanywa. Bushi za nyuma zikiisha, gari lenye mzigo hutikisa mkia dereva anapobadili njia.

Hili si suala la kelele tu. Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda huhama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, huku usukani wa gari lake ukibaki kulia. Dereva huyo tayari hupata shida kuona mbele anapotaka kulipita lori. Gari linaloyumba humwongezea hatari nyingine.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi hauhitaji mashine. Gari hupandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Fundi huweka mtaimbo kati ya amu na fremu na kusukuma taratibu. Bushi nzima husogea kidogo na kurudi. Iliyokatika husogea ovyo, au chuma cha ndani huonekana kimehama kutoka katikati.

Mipasuko midogo juu ya mpira ni dalili ya uzee, lakini si lazima bushi ibadilishwe siku hiyo. Mpasuko unaopenya hadi kwenye chuma, au mpira ulioachana na chuma, hauna mjadala. Ieleweke pia kwamba baadhi ya bushi kubwa huwa na nafasi zilizoachwa na kiwanda kwa makusudi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kulinganisha na bushi mpya, kwani nafasi ya kiwanda ina kingo laini na mpasuko una kingo zilizochanika.

Kabla ya kununua chochote, fundi akague pia boli jointi, linki za stabilaiza na shokapu, kwa sababu milio yake hufanana.

Makosa yanayogharimu

Kosa kubwa ni kukaza bolti za amu gari likiwa hewani. Gari likishushwa, mpira huanza kazi ukiwa tayari umesokotwa, na bushi mpya hukatika mapema. Bolti zishikizwe kidogo kwanza, gari lishushwe likae kwa tairi zake, ndipo zikazwe kabisa.

Kosa la pili ni kupaka grisi au oili chafu ili kuondoa mlio. Mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira. Kwa sababu hiyo hiyo, injini inayovuja oili juu ya amu irekebishwe kabla ya kuweka bushi mpya.

Kosa la tatu ni kugonga bushi kwa nyundo. Bushi iingizwe kwa presi, ikifuata alama za mwelekeo kama zipo, na pande zote mbili zibadilishwe pamoja. Baada ya hapo alaimenti ifanyike.

Bushi za kuchonga kutoka tairi chakavu ni za bei nafuu, lakini mpira wake haujagandishwa kwenye chuma, hivyo huzunguka kwenye bolti na kulika. Zinaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini si za kutegemewa safari baada ya safari. Bushi za polyurethane ni ngumu na hudumu, ila hupitisha mtikisiko zaidi.

Kwa anayenunua gari lililotumika

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Hata hivyo, mpira huzeeka kwa joto na hewa hata gari likiwa limeegeshwa, hivyo gari lenye kilomita chache linaweza kuwa na bushi zilizochoka. Mnunuzi anashauriwa kulipandisha gari na kulikagua kabla ya kulipa.

Kuzitunza

Bushi hazina ratiba maalumu ya kubadilishwa. Zikaguliwe kila gari linapofanyiwa sevisi, na mapema zaidi kwa linalopita barabara za vumbi. Mzigo usizidi kiwango cha gari na upangwe sawasawa pande zote, upepo wa tairi uwe sahihi, na dereva apunguze mwendo kabla ya tuta badala ya kukanyaga breki juu yake.

Anayekagua bushi nyumbani kabla ya safari huchagua mwenyewe fundi, vipuri na siku ya kutengeneza. Anayesubiri zikatike njiani hulipa bei atakayoikuta, huku mzigo ukiharibika juani.